Unaandika riwaya ya majoka? Anza faharasa leo, usingoje mwisho

Kuna aina ya riwaya ambayo ukifika ukurasa wa 300 unaanza kuuliza maswali kama askari wa zamu. Huyu ni nani? Alitoka wapi? Si huyu alikufa kule darajani? Usijilaumu. Riwaya kubwa za fantasia, zile za falme na majoka na panga zenye majina, hubeba watu wengi kuliko matatu ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hivyo unaruka hadi kurasa za mwisho ukitafuta msaada: orodha ya majina kwa alfabeti, kila jina na maelezo mafupi na mahali linapopatikana. Hiyo ndiyo faharasa. Ukiipata, unarudi kwenye stori. Usipoipata, kitabu kinaenda kukaa chini ya kitanda pamoja na chaja mbovu.

Nataka tuongee kuhusu hiyo orodha kwa sababu najua vijana kadhaa hapa Nairobi, na pengine wewe ni mmoja wao, wanaoandika riwaya za aina hii kwa Kiswahili. Mnaandika kwa simu, usiku, kimyakimya. Kila nikiuliza faharasa iko wapi, jibu ni lilelile: "Hiyo ni ya mwisho, buda." Mimi nasema ni ya kwanza. Ni kazi ya mtu, si ya mashine. Na anayeifanya anastahili kulipwa na jina lake lichapishwe.

Hata wakubwa waliiacha ya mwisho na ikawashika. J.R.R. Tolkien alipotoa juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings mwaka wa 1954, wasomaji waliahidiwa faharasa ya majina katika juzuu ya tatu. Juzuu ya pili ilitoka Novemba mwaka huohuo. Ya tatu ikangojwa karibu mwaka mzima, hadi Oktoba 1955, na sababu moja kubwa ilikuwa viambatisho vya nyuma: nasaba za wafalme, kalenda, herufi za lugha alizobuni mwenyewe. Kitabu kilipofika madukani, viambatisho vilikuwemo, faharasa haikuwemo. Mchapishaji aliweka ilani ya kuomba radhi. Watu wakangoja miaka kumi zaidi, hadi toleo lililosahihishwa la 1965, na hata hapo aliyeikusanya faharasa si Tolkien bali mwanamke aitwaye Nancy Smith. Mwaka wa 2005 Wayne Hammond na Christina Scull wakaitengeneza upya na kuipanua. Hesabu mwenyewe: nusu karne, orodha ya majina bado inarekebishwa.

Wakati huo wote wasomaji hawakukaa tu. Mmarekani Robert Foster alianza kwa kuandika orodha zake katika jarida dogo la mashabiki. Mwaka wa 1971 orodha hizo zikawa kitabu kamili, A Guide to Middle-earth, na 1978 kikatoka kingine kikubwa zaidi. Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi, ambaye ndiye aliyehariri makaratasi ya babake, aliandika kwamba yeye mwenyewe hukitumia mara kwa mara. Hebu fikiria hapo kidogo. Mtu mwenye makaratasi ya mzee, anayeijua hiyo dunia kuliko yeyote aliye hai, anafungua kazi ya shabiki ili akumbuke nani ni nani.

Lakini kuchelewa si balaa kubwa. Kuna balaa kubwa zaidi. Robert Jordan alianza kuchapisha The Wheel of Time mwaka wa 1990. Alifariki Septemba 2007, akiwa ametoa juzuu kuu kumi na moja, na hadithi haijafika mwisho. Mamia ya wahusika wamening'inia hewani. Kilichookoa hadithi ni kwamba mzee aliacha maandishi mengi ya pembeni, na aliacha watu: wasaidizi wake Maria Simons na Alan Romanczuk, ambao kazi yao ilikuwa pamoja na kufuatilia nani alisema nini, wapi, lini. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson kumalizia. Sanderson akatoa juzuu tatu kati ya 2009 na 2013. Kisha mwaka wa 2015 ikatoka The Wheel of Time Companion, kitabu kizima cha marejeleo, na majina ya McDougal, Romanczuk na Simons yako pale kwenye jalada pamoja na la Jordan. Jaladani, si kwa herufi ndogo za shukrani.

Sasa wewe. Ufalme wako uko wapi? Uko kichwani, na kwa simu moja ambayo ikinyakuliwa dirishani pa matatu, falme nne zimeanguka siku moja. Hata tukiacha kifo na wezi, kuna usahaulifu wa kawaida tu. George R.R. Martin, yule wa A Song of Ice and Fire, amesimulia hadharani jinsi farasi wake mmoja alivyobadilika jinsia kati ya kitabu na kitabu, na jinsi rangi za macho zinavyomchenga. Waliomsaidia kukagua mambo kama hayo ni Elio García na Linda Antonsson, mashabiki waliofungua tovuti ya Westeros.org wakiwa Sweden. Walianza kwa mapenzi tu. Mwaka wa 2014 wakawa waandishi wenza wake katika The World of Ice & Fire.

Basi tuingie kazini. Kwanza elewa kwamba faharasa ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna ile ya mwandishi, ya siri, na kuna ile ya msomaji, inayochapishwa. Ya mwandishi haihitaji nambari za kurasa, kwa sababu kurasa zitahama kila ukihariri, na msomaji wa simu hata hana kurasa: akikuza herufi, ukurasa wa 40 unakuwa wa 90. Tumia sura. Chora jedwali, kwa kompyuta au kwa daftari la shule la kawaida. Jina. Majina mengine. Ametokea mara ya kwanza sura gani. Alama za mwili: jicho, kovu, mkono wa kushoto. Yuko hai mpaka sura gani. Halafu safu moja ambayo watu huisahau na ndiyo muhimu kuliko zote: anajua nini. Riwaya hizi huendeshwa na siri. Kama Bibi Kizee aliambiwa siri ya pete sura ya 12, hawezi kushangaa nayo sura ya 20. Msomaji atakushika hapo hapo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya hamu. Lakini sikumbuki darasa lolote lililonifunza kusoma kama ile miezi minne niliyomtengenezea rafiki yangu wa Umoja faharasa ya riwaya yake ya sura 38. Ukisoma ili upate raha, macho yanateleza. Ukisoma ili uandike mstari mmoja wa haki kuhusu kila mtu, hata yule anayeshika farasi mlangoni na kuondoka, unaona jinsi kitabu kilivyosukwa. Pia unaona mahali kisipofumwa vizuri. Tulipata mlinzi aliyeuawa mara mbili. Yeye alicheka, mimi nikaweka alama ya kuuliza.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni mtu mmoja mwenye majina mengi. Aragorn wa Tolkien ni Strider kwa wenyeji wa Bree, ni Estel alipokuwa mtoto, ni Thorongil alipokuwa askari wa ugenini, ni Elessar akishatawazwa. Tukidhani hayo ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao, tumkumbuke Mekatilili wa Menza. Alizaliwa Mnyazi wa Menza; Mekatilili ni jina la uzazi, mama wa Katilili. Mwanahistoria akiandika kitabu kuhusu upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914 bila kuweka "Mnyazi: tazama Mekatilili", kuna msomaji atakayetoka hapo akidhani walikuwa wanawake wawili. Hilo neno "tazama" ndilo moyo wa faharasa. Chagua jina moja liwe makao makuu, mengine yote yaelekeze huko.

Tatizo la pili ni kinyume chake: jina moja, watu wengi. Tolkien ana Durin saba, Martin ana wafalme watano walioitwa Aegon, bila kutaja ukoo wa Frey ambako kila mtoto wa pili ni Walder. Hili sisi hatuhitaji kufunzwa. Fungua simu yako sasa hivi. Utapata Kamau Fundi, Kamau Stima, Kamau wa Nyumba na Kamau Usichukue. Umeshatengeneza faharasa ya watu wenye jina moja na hukuhitaji shahada. Jamii zetu nyingi huita watoto majina ya babu na nyanya zao, kwa hivyo ukiandika ukoo wa kubuni unaofuata desturi hiyo, majina yatajirudia kila kizazi cha pili. Usiogope, yaache yajirudie, ndivyo maisha yalivyo. Weka tu kitambulisho: Otieno mwana wa mvuvi, Otieno wa jicho moja.

Hapa sasa ndipo Kiswahili kinaleta mambo yake, na ndipo miongozo yote ya Kiingereza inapokuacha peke yako. Rafiki yangu amebuni nchi iitwayo Usarai. Mtu wa huko ni Msarai, wakiwa wengi ni Wasarai, lugha yao Kisarai. Kwa alfabeti ya kawaida hiyo ni U, M, W na K. Watu wa nchi moja wametawanywa kwenye pembe nne za orodha kama wakimbizi. Ongeza "Usaraini", mtu akishafika huko. Ongeza tena Mto Gwasa, Mlima Teo, Mfalme Juba, Malkia Juba wa pili, Mchawi wa Bonde. Kabla hatujafika nusu, herufi M ilikuwa imemeza karibu theluthi ya kila kitu. Ukifungua M ni kama kuingia Gikomba Jumamosi.

Kamusi zetu zimewahi kushindana kwa jambo hilihili. Ile ya Frederick Johnson ya 1939 ilikusanya maneno mengi chini ya mzizi mmoja, kwa hivyo lazima uujue mzizi kwanza ndipo upate neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ikaweka nomino jinsi zinavyotamkwa katika umoja: mtu yuko kwa M, basi. Kwa faharasa ya riwaya mimi nachukua kutoka pande zote mbili. Mahali, watu na lugha ya nchi moja vikae pamoja chini ya mzizi: "Sarai", kisha chini yake nchi, watu, lugha. Kwenye M, W, K na U weka "tazama" peke yake. Mito na milima iingie kwa jina lake, neno mto lifuate: Gwasa, mto. Vyeo pia vifuate: Juba, mfalme.

Lakini usiwe mtumwa wa kanuni. Fumo Liyongo je? Fumo ni cheo, Liyongo ndilo jina, kwa hivyo kanuni inasema L. Sawa, ila ni nani Mkenya aliyekaa darasani akatafuta Liyongo bila Fumo? Mweke mahali ambapo mkono wa msomaji utaenda kwanza, halafu pale pengine weka "tazama". Hiyo ndiyo sheria ninayoiamini kuliko zote, na huwezi kuifuata kama humjui msomaji wako.

Najua unachotaka kuniambia. "Si nitatafuta tu neno kwa simu?" Tafuta. Ukiandika jina la mhusika mkuu utaletewa mahali mia sita, na hutaambiwa ni pawili tu panapokueleza asili yake. Na Kiswahili kinaficha watu ndani ya kitenzi. Mwandishi anaweza kujaza ukurasa mzima: alipanda ukuta, akamkuta mlinzi, akamnyang'anya upanga, akatoroka. Mhusika yuko kila mstari na jina lake halipo hata mara moja. Kutafuta neno hakutampata. Lazima mtu asome.

Na akili unde? Nilijaribu, sitadanganya. Nilipakia sura kumi, nikaomba orodha. Ilikuja haraka na ilipendeza machoni. Ilikuwa imeunganisha babu na mjukuu wenye jina moja wakawa mtu mmoja aliyeishi miaka 130, na ikamgawa mchawi mmoja mwenye majina matatu kuwa wachawi watatu. Sisemi mashine haina kazi. Ikupangie alfabeti, ikuonyeshe jina uliloliandika kwa tahajia mbili tofauti. Uamuzi wa nani ni nani ubaki kwako, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haina hisia nalo kabisa: kuharibu utamu. Msomaji yuko sura ya tano, amesahau yule binti wa sokoni ni nani, anafungua nyuma na kukuta: "binti wa siri wa mfalme, anauawa sura ya 31." Umeua kitabu kwa mstari mmoja. Faharasa ya msomaji imweleze mtu kama anavyojulikana anapoingia: binti muuza chumvi katika soko la bandari. Basi. Hata "tazama" inaweza kutoboa siri, maana ukielekeza jina la msafiri mchovu kwa jina la mrithi wa kiti, umeshasema. Majina ambayo ni siri yape maingizo mawili tofauti na unyamaze. Kama riwaya ina juzuu kadhaa, tengeneza faharasa ya kila juzuu, isiyojua yatakayotokea katika inayofuata. Vitabu vya Jordan vilikuwa na orodha yake nyuma ya kila juzuu.

Nageukia wachapishaji sasa, maana najua wengine mnasoma huku mkijifanya hamsomi. Rafiki yangu alipeleka muswada kwa mchapishaji mmoja. Akaambiwa riwaya ni nzuri, faharasa itoke, inakula kurasa nane na karatasi ni ghali. Karatasi ni ghali, kweli. Lakini vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 au 32 kwa mkunjo mmoja, na ndiyo sababu vitabu vingi huishia na kurasa tupu nyuma. Hesabuni hizo kwanza kabla ya kukata. Halafu msituambie Wakenya hawataki vitu vya namna hii. Kama ulisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei shuleni, unakumbuka kuchora nasaba kwenye jalada la nyuma la daftari ili ujue nani ni mtoto wa nani, na unakumbuka tulivyonunua miongozo. Hamu ipo, pesa pia zilitoka. Tofauti ni kwamba mwongozo hukuambia ufikirie nini. Faharasa hukuonyesha mahali pa kuangalia, kisha inakuacha.

Na mlipe. Miezi minne yangu haikulipwa na mtu, na hiyo ni kati yangu na rafiki yangu, tulikubaliana kwa chai na chapati. Lakini kampuni inapochukua kazi kama hiyo na kuiuza ndani ya kitabu, aliyeifanya awe na mkataba, hata kama ni kijana asiye na cheti, na jina lake lionekane. Foster alianza kwenye jarida la mashabiki. García na Antonsson walianza kwenye tovuti. Hapa kuna watu wengi wa aina hiyo, wanaojua kila ukoo wa kila mfululizo wa televisheni kwa kichwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hiyo inaweza kuwa kazi.

Kama unaandika, chukua sura yako ya kwanza usiku huu, andika kila jina lililomo, hata la mbwa. Usishangae ukipata ishirini. Kama huandiki, muulize yule rafiki yako anayeandika kama anahitaji mtu wa kumshikia orodha. Mtabishana kuhusu herufi M, hilo nakuhakikishia. Sisi bado tunabishana: yeye anataka joka lake liitwe Mama Moshi na liingie kwa M, mimi nasema Moshi. Ambayo pia ni M.